Mtoto wa pili: tuharakishe au tusubiri?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi wanalo moyoni lakini hawalitamki. Mtoto wa kwanza amepatikana, aqiqa imechinjwa, majirani wamekula na kuomba dua. Miezi inapita, na swali linaanza kunong'onwa ndani ya nyumba: wa pili lini?

Msimu mmoja wa mavuno ya mpunga alikuja mama kutoka kijiji cha nje ya mji wetu wa Mpanda. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi kumi. Alilalamika uchovu na kichefuchefu, akidhani ni malaria. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, bali kipimo cha mkojo kilionyesha kuwa ni mjamzito. "Lakini daktari, hedhi yangu haijarudi tangu nijifungue," akasema. Kisha akamteremsha mtoto kutoka mgongoni, akampakata, akamtazama kwa muda. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Huyu ndiyo nimwachishe leo?"

Nje ya mlango mumewe alikuwa ameegemea baiskeli akimsubiri. Alipopata habari alisema "Alhamdulillah" mara tatu, na uso ukamng'aa. Habari ilikuwa moja, lakini nyoyo zilikuwa mbili. Je, yule mama alikuwa na upungufu wa imani? Je, yule baba alikuwa mtu asiyejali? Jibu langu ni hapana kwa yote mawili. Kilichokosekana katika nyumba ile ni mazungumzo, na ndilo jambo ninalotaka tulitazame leo.

Moyo unaosita si dhambi

Katika chumba cha matibabu nimesikia sababu nyingi za kusita. Mama anaogopa uchungu wa uzazi kwa sababu wa kwanza ulimtesa. Mwingine anaona mwili haujarudi, akisimama kizunguzungu kinamshika. Baba anahesabu magunia ya mahindi na ada ya shule. Wapo wanaoogopa kuwa hawataweza kumpenda wa pili kama walivyompenda wa kwanza. Upande wa pili kuna hamu: mtoto apate mwenzake, bibi na babu waone wajukuu wakiwa hai, na umri usitutupe mkono. Mara nyingi hamu na hofu hukaa ndani ya kifua kimoja.

Nami sina haki ya kumcheka yeyote. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza kwa upasuaji baada ya uchungu wa muda mrefu, na akapoteza damu nyingi. Mtoto alipofika mwaka mmoja nikaanza kuzungumzia wa pili. Kila nikisema, yeye alinyamaza. Madrasa nilisoma kwamba kimya cha bikira anapoulizwa kuhusu kuozwa ni idhini yake. Basi nikaichukua hukumu ile nikaipeleka mahali si pake, nikadhani kimya cha mke wangu ni ridhaa. Siku moja akaniambia, "Kila ukilitaja jambo hilo, nasikia ile baridi ya chumba cha upasuaji." Mimi ni Afisa Tabibu, kila siku nawauliza wanawake maswali ya afya zao, na nyumbani kwangu nilikuwa sijauliza hata moja.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu Katavi

Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012 ukitoka katika Mkoa wa Rukwa. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa kati ya kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Hakuna mkoa uliotuzidi katika utafiti ule. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi imeshuka hadi 34 kati ya 100, lakini bado tuko juu ya wastani wa taifa ambao ni 22.

Maana yake ni nini, ndugu msomaji? Ni kwamba hapa kwetu mama wa mtoto mmoja mara nyingi naye bado anakua. Nyonga zake hazijakomaa, na damu yake haijatosha. Juu yake kuna malaria, kazi ya shamba, maji ya kuteka na kuni za kubeba. Mimba ya pili ikifuata haraka, inamkuta hajajilipa deni la mimba ya kwanza.

Mwili wa mama unadai muda

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba baada ya kujifungua mtoto aliye hai, ipite angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine. Ukiongeza miezi tisa ya mimba, watoto watapishana kwa karibu miaka mitatu. Mimba ikiharibika, shirika hilo linashauri kusubiri angalau miezi sita.

Sababu zake ni hizi:

1. Damu. Mimba na kujifungua hutumia akiba ya madini ya chuma iliyomo mwilini. Akiba hiyo huhitaji muda na chakula ili irudi. Mama anayeingia katika uzazi akiwa na upungufu wa damu, hata akitokwa na damu ambayo mwenzake angeistahimili, yeye huweza kupoteza maisha.

2. Kovu. Aliyejifungua kwa upasuaji ana kovu kwenye mfuko wa uzazi. Mimba ikija mapema mno, hatari ya kovu kuachia wakati wa uchungu huongezeka. Mama huyu asijaribu kabisa kujifungulia nyumbani. Ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu.

3. Mtoto ajaye. Mimba zinazofuatana haraka huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo.

Sasa rejea katika Qur'an. Suratul Baqara, aya ya 233, inazungumzia kunyonyesha kwa miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha. Aya hiyo hiyo inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na baba vilevile. Kisha inaeleza kuwa wazazi wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya muda huo, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Tuzingatie hapo. Ikiwa kumwachisha ziwa mtoto mmoja kunahitaji ridhaa na mashauriano ya wawili, vipi kumleta mwingine? Miezi 24 wanayoitaja matabibu leo si migeni kwa Muislamu anayesoma kitabu chake.

Mtoto wa kwanza na habari ya kubemenda

Katika mitaa yetu, mtoto akidhoofu, miguu ikivimba na nywele zikibadilika rangi, utasikia wakisema, "Huyo kabemendwa." Yaani wazazi wamekutana kabla hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, au mama amepata mimba, na maziwa yamekuwa sumu. Mama huona aibu kumleta hospitali kwa kuwa ugonjwa wa mtoto umegeuka kuwa ushahidi dhidi yake. Nimepokea watoto waliofichwa ndani wiki kadhaa kwa sababu ya aibu hiyo. Wengine tumewawahi, wengine hatukuwawahi.

Tuseme ukweli. Maziwa ya mama mjamzito si sumu. Imepokewa katika Sahih Muslim, kutoka kwa Judama bint Wahb, kwamba Mtume (S.A.W.) alikusudia kuikataza ghila, kisha akatazama kuwa Warumi na Wafursi wanaifanya na watoto wao hawadhuriki. Wanazuoni wameifasiri ghila kuwa ni mume kukutana na mke anayenyonyesha, na wengine wakasema ni mwanamke kunyonyesha akiwa mjamzito. Tafsiri zote mbili zinagusa hofu hii yetu ya kubemenda.

Hata hivyo wazee hawakuona bure. Waliuona ugonjwa kweli, lakini wakaukosea sababu. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, mwaka 1935 aliuandikia ulimwengu wa madaktari kuhusu ugonjwa wa kwashiakoo. Jina hilo alilichukua kwa wenyeji wa kabila la Waga, nao walilitumia kwa ugonjwa unaompata mtoto mkubwa anapokuja mdogo wake. Mtoto ameachishwa ziwa ghafla, akapewa uji mweupe wa mahindi au wa muhogo asubuhi na jioni. Tumbo linajaa, mwili unakufa njaa. Kinachomuumiza ni pengo lililobaki sahanini, wala si tendo la ndoa la wazazi wake.

Kwa hiyo mama aliyepata mimba akiwa ananyonyesha afanye haya:

1. Asimwachishe mtoto kwa siku moja. Aendelee kunyonyesha huku yeye mwenyewe akiongeza chakula. Kama anatokwa na damu, anapata maumivu ya tumbo, au aliwahi kujifungua kabla ya wakati, awahi kituo cha afya apate ushauri wake maalumu.

2. Mtoto aliyetimiza miezi sita apewe chakula chenye kujenga mwili. Uji utiwe karanga zilizosagwa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wakioshwa na kusagwa ni lishe bora na hawana gharama ya nyama. Mayai, maharage yaliyopondwa, mboga za majani, maboga na matunda viingie kwa zamu.

3. Mtoto apelekwe kliniki kila mwezi. Akipimwa mkono kwa utepe, na mzunguko ukawa chini ya sentimita 11.5, huyo ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu mara moja. Miguu yote miwili ikivimba ni hivyo hivyo, hata kama mkono unaonekana mnene.

Je, kupanga nafasi ni kukosa tawakkul?

Wapo watakaosema kwamba Mtume (S.A.W.) alihimiza kuoa wanawake wenye kuzaa, na kwamba riziki ni ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, na hatupingi. Qur'an katika Suratul Israa, aya ya 31, imekataza kuwaua watoto kwa kuogopa umasikini, na humo Allah ameahidi kuwaruzuku wao na sisi. Kwa hiyo mimba ikishaingia, si halali kuikimbilia mitishamba na vijiti vya kuitoa. Nimewaona waliofanya hivyo wakiletwa wamelowa damu.

Lakini kuua ni jambo moja, na kuchelewesha mimba isije kabla ya muda ni jambo jingine. Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kuwa maswahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, wakati Qur'an inateremka. Imam Ghazali katika Ihya Ulumid-Din aliruhusu azl, na miongoni mwa nia alizozikubali ni kumlinda mke na hatari za uzazi. Aliyoikataa ni nia ya kuogopa kupata mtoto wa kike. Wapo wanazuoni waliokuwa wakali zaidi, kama Ibn Hazm, lakini wengi wameruhusu, na wengi wao wakaweka sharti la idhini ya mke. Ama kufunga uzazi moja kwa moja bila dharura, hilo wengi wamelikataa.

Kwa upande wa njia, tuanze na ile ya asili. Kunyonyesha huzuia mimba kwa kiasi kikubwa, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana bila chakula wala maji, na hedhi haijarudi. Likikosekana sharti moja, kinga imeondoka. Yule mama niliyemtaja alitegemea hedhi peke yake, na mtoto wake alikuwa na miezi kumi. Yai la kwanza huweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, hivyo mtu anaweza kupata mimba bila kuiona hedhi.

Njia nyingine ni kondomu, kitanzi, vijiti, sindano na vidonge. Anayenyonyesha mtoto mchanga amwambie mhudumu, kwa kuwa vidonge vyenye homoni mbili havimfai katika miezi sita ya mwanzo. Vipo vyenye homoni moja. Atumiaye sindano ajue kuwa baada ya kuacha, uzazi huweza kuchukua miezi kadhaa kurudi. Hilo si ugumba.

Kuna jambo ambalo wanawake wetu huliona zito nao huona haya kuuliza. Baadhi ya njia hubadilisha mpangilio wa damu: mara matone, mara siku nyingi, mara isionekane kabisa. Mwanamke anabaki hajui kama aswali au asiswali, afunge au asifunge. Asiache njia kimya kimya wala asiache swala kwa kukisia. Kwa mhudumu aulize kama damu ile ni ya kawaida kwa njia hiyo, na kwa ustadha au sheikh aulize lipi ni hedhi na lipi ni istihadha.

Kusubiri nako kuna mpaka

Nisieleweke kuwa nasema watu wachelewe tu. Nafasi ikizidi miaka mitano, hatari ya kifafa cha mimba nayo huongezeka kidogo, na mwili huupokea uzazi kana kwamba ni wa kwanza. Mama aliyepita miaka 35 asiache miaka ipotee bila kupata ushauri. Na aliyeumizwa na uzazi wa kwanza asibaki na hofu peke yake. Aende aelezwe kilichotokea na namna ya kukikinga. Hofu nyingi hupungua zikishapewa jina.

Pia wapo wanaomtaka wa pili, na haji. Hapo lawama humwangukia mke, eti kizazi kimefunga au alitumia njia ya uzazi. Zikipita miezi 12 ya kujaribu bila mafanikio, au miezi sita kwa mwanamke aliyezidi miaka 35, wapimwe wote wawili. Mume aliyepata mtoto wa kwanza si lazima awe mzima leo.

Mashauriano yafanyike vipi?

Wakati mzuri wa kuanza ni ile kliniki ya wiki sita baada ya kujifungua. Siku zake zinakaribiana na arobaini, kwa hiyo ni rahisi kuikumbuka. Mume afuatane na mkewe. Kisha nyumbani, mtoto akishalala, waulizane haya:

1. Uzazi uliopita ulikuachaje, mwilini na moyoni?
2. Mtoto tuliye naye amemaliza haki yake ya kunyonya?
3. Unaogopa nini hasa?
4. Nani atakusaidia kazi utakapojifungua?
5. Tukisubiri, tusubiri hadi lini, na kwa njia gani?

Mume aulize kwanza, kisha anyamaze asikilize. Mama mkwe na mawifi waombewe dua na wapewe heshima yao, lakini jibu ni la wawili.

Na anayeogopa kwamba hatampenda wa pili, au kwamba wa kwanza ataumia, akumbuke kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) na wivu wa ndugu zake. Wivu wa watoto ni wa kale. Mtume (S.A.W.) alikataa kuwa shahidi wa zawadi ambayo baba yake Nu'man bin Bashir alitaka kumpa Nu'man peke yake na kuwaacha watoto wengine. Uadilifu huanza na mambo madogo: mkubwa aguse tumbo, aambiwe mapema, mdogo akizaliwa apewe kazi ya kuleta kanga, na baba ampakate yeye wakati mama ananyonyesha.

Tumalizie tulipoanzia

Yule baba wa baiskeli nilimwita ndani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hongera. Sasa una watoto wawili, na huyu wa mgongoni ndiye wa kumlinda kwanza." Akakaa. Akamuuliza mkewe anahitaji nini. Mama akasema, "Nisiende shamba la mbali, na huyu nisimwachishe." Yakaisha kwa maneno hayo mawili. Alihudhuria kliniki, akameza vidonge vya kuongeza damu na dozi za SP, akalala ndani ya chandarua, akajifungulia hospitali. Mtoto mkubwa aliendelea kunyonya kwa miezi kadhaa huku baba akimletea dagaa, na utepe haukushuka. Si kila nyumba humaliza hivyo, ndiyo maana naandika.

Ama nyumbani kwangu, tulisubiri. Sikuuliza tena "lini," niliuliza "unajisikiaje." Mtoto wetu wa kwanza alipokaribia miaka mitatu, mke wangu mwenyewe ndiye aliyelianzisha jambo. Alisema, "Ile baridi siisikii tena. Twende tukaulize hospitali." Tukaenda pamoja.

Ndugu msomaji, usiku wa leo, mtoto akishalala, muulize mwenzako swali moja tu kati ya yale matano. Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi mama zetu katika uzazi, na atujaalie watoto wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.